Usitie Siki

Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, mama Kidoti alilikung'uta birika la umeme kwenye sinki, na kidole gumba cha mguu kikaangukia kwenye vijiko. Kilikuwa kidogo, cheupe, kigumu, na kucha yake imekatwa mshazari, vile alivyozoea kuikata yeye mwenyewe kila Jumamosi, maana binti yake alikuwa hatulii. Alikisuuza, akakifuta kwa kitambaa cha vyombo, akakiweka dirishani kikauke. Kisha akalijaza birika upya, kwa sababu mumewe alikuwa anasubiri chai.

Kwamba mtaa ule una maji magumu halikuwa jambo geni kwa mtu. Sabuni unaisugua mpaka inakwisha na povu hulioni. Bomba la mvua bafuni lilikuwa limeziba matundu yote isipokuwa mawili, na hayo mawili yalimlowesha mtu sikio tu. Shati jeupe likifuliwa mara tano lilitoka na rangi ya majivu. Na ndani ya kila birika kulijengeka ukoko mweupe wa chokaa, ambao watu waliubandua kwa siki kila mwisho wa wiki huku wakiisema ofisi ya maji. Waliisema kwa sauti ya chini. Mpima maji wa ofisi hiyo alikaa palepale mtaani, nyumba ya kona, na alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka.

Huyo mpima maji ndiye baba Kidoti. Kila tarehe moja alijaza chupa, akaipima, akaandika namba kwenye fomu na kutia sahihi chini ya maneno "Maji haya yanafaa." Kanuni ilitaka chupa ijazwe kwenye bomba la kwanza baada ya pampu, na bomba la kwanza lilikuwa kwenye bustani ya ofisi, penye mawaridi. Mtaa ulipopanuka, kikachimbwa kisima cha pili, na mabomba yake yakaungwa mbele kidogo ya mawaridi yale. Tangu siku hiyo ofisi ilipima maji ya kisima cha kwanza na mtaa ukanywa ya kisima cha pili. Hakuna aliyekula njama, msije mkadhani. Watu walizoea bomba lao, basi.

Yeye alijua. Mwaka juzi, binti yake alipoanza kuamka na uso uliovimba, alichota chupa jikoni kwake, akaipima wakati wenzake wamekwenda kula. Namba zilitoka mara nne ya kiwango, na haikuwa chokaa peke yake. Alimpelekea mkuu wa ofisi karatasi.

Mkuu alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Hii umechota wapi?"

"Kwangu, mzee. Jikoni."

"Sasa jikoni kwako ndiyo bomba la kwanza?"

Alirudi na karatasi yake. Tarehe moja ilipofika alichota penye mawaridi, akatia sahihi. Baada ya sahihi hiyo figo za Kidoti zilidumu miezi kumi na mmoja. Alizikwa akiwa na miaka saba, na alipewa jina hilo kwa sababu ya doa jeusi chini ya jicho la kushoto.

Mama Kidoti hakumtukana mumewe. Ila kila tarehe moja alijaza chupa kwenye bomba la jikoni, akaitia kwenye mkoba wa kazini wa mumewe, na kila tarehe moja jioni aliikuta mlemle, imejaa vilevile. "Andika, baba Kidoti," alimwambia. "Mimi sitaki kingine chochote kwako. Andika tu." Naye alitwaa mkoba akaenda kazini.

Basi kidole kikaja. Alhamisi vikaja viwili vingine, na wiki iliyofuata kisigino. Mama Kidoti aliacha kununua siki. Alivipanga vipande kitandani kwa binti yake, kila kimoja mahali pake, na vyenyewe vikashikana bila gundi. Bomba la mvua lilitoa vidole vya mikono, kwa kuwa ni vyembamba. Magoti yalitoka kwenye tangi la maji ya moto, na kwa hayo ilibidi aitwe fundi bomba, ambaye alilalamika kwamba yamebana sana.

Siku ya kwanza mpima maji aliporudi kutoka kazini akavikuta kitandani, alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Huo mguu wa kulia," alisema.

"Wa kushoto bado," alijibu mkewe. "Vua viatu, nimepiga deki."

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, mama Kibonge, mwanamke wa utani mwingi. Alikuja na utepe wake, akampima mtoto kifua na kiuno, akasema hajaongezeka hata kidogo, afadhali, maana kitambaa siku hizi hakishikiki. Akamshonea gauni la bluu. Binti yake mwenyewe, Kibonge, wa miaka sita, alikaa ukingoni mwa kitanda akimsimulia rafiki yake habari za shule, mwalimu gani kahama na nani kang'oka jino.

Kichwa kilipofika, kilikuwa na kila kitu isipokuwa mdomo. Chembe ya kutu kutoka kwenye birika ilikuwa imeganda chini ya jicho la kushoto, mahali hasa panapotakiwa. Siku hiyo Kidoti aliinuka, akaenda mezani, akaketi kwenye kiti chake. Alikuwa baridi kidogo ukimgusa. Chini ya pua yake palikuwa laini, pametulia, bila ufa. Mama yake alipitisha kidole hapo kila asubuhi. Alikuwa amemlilia mtoto huyu mpaka sauti ikamkauka, na sasa alitaka kitu kimoja tu duniani, aitwe mama.

Mwezi wa nane mama Kibonge alikuja kuazima mkasi, akasema akicheka, "Huyu mwanangu jamani jina limemkolea. Anaamka mashavu yamejaa, hata macho hayafunguki vizuri."

Mpima maji aliweka kikombe chini. Hakucheka.

Jumamosi hiyo alikwenda kazini peke yake, na chupa ya mkewe mkobani. Alirudi mchana na karatasi tatu. Alikuwa ameandika yote, bomba la mawaridi, kisima cha pili, namba za jikoni kwake, na barua ya kupeleka juu kabisa, bila kupitia kwa mkuu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Nimeandika," alisema. "Jumatatu naipeleka mwenyewe. Watakifunga kile kisima."

Mkewe alizisoma zote tatu, amesimama. Kidoti alikuwa mezani, mikono yake myeupe juu ya kitambaa cha plastiki.

"Wakikifunga, maji yatakuwaje?"

"Laini."

"Na mdomo?"

Mumewe alimtazama mtoto.

"Mdomo bado, baba Kidoti."

"Na Kibonge?"

Mama Kidoti aliutazama ukuta. Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda.

"Kibonge ana mama yake," alisema.

Alisema hivyo, kisha akaenda kwenye sinki, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Alijua alichokisema. Alijua kabisa, na hakukirudisha. Mumewe alizikunja karatasi akazitia kwenye droo ya vijiko, na tarehe moja akaenda kuchota penye mawaridi.

Mdomo ulifunguka mwezi wa kumi, Jumapili, wakati wa chai. Kwanza ulitokea mstari mwembamba, kisha midomo, kisha meno, pamoja na lile pengo la mbele. Mama Kidoti alipiga magoti mbele ya kiti. Mpima maji alisogeza redio akaizima.

Kidoti alipumua vumbi kidogo. Akamtazama mama yake, akautazama ukingo wa kitanda kupitia mlango ulio wazi.

"Kibonge yuko wapi?" aliuliza.

Kibonge alikuwa amezikwa siku tisa kabla. Mpima maji alifika msibani wa kwanza, akaondoka wa mwisho.

Mama yake aliinuka, akakusanya vikombe. Mtoto hakuuliza tena siku hiyo, lakini aliuliza kesho yake, na kila siku wakati wa chai, kwa sauti ileile ya adabu. Neno mama hakulisema.

Tarehe moja, saa moja asubuhi, mama Kibonge aligonga mlango. Alikuwa amekonda, na utepe wake wa kupimia ulikuwa bado shingoni, kama aliyesahau kuuvua. Alifungua kitambaa kwenye kiganja chake. Ndani mlikuwa na ukucha mdogo, mweupe, na kipande cha kidole.

"Nilikuwa nataka kusafisha birika," alisema.

"Ulitia siki?"

"Bado."

"Usitie siki." Mama Kidoti alimshika mkono, akamkalisha. Hakuweza kumtazama usoni. "Chemsha asubuhi, mchana na jioni. Kisuuze, kifute, kiweke dirishani. Vidole vya mikono utavipata bafuni."

"Mpaka mdomo ni muda gani?"

"Miezi kumi. Maji yakibaki hivihivi."

Mama Kibonge aligeuka. Mpima maji alikuwa kwenye kibaraza anafunga kamba za viatu, chupa tupu iko kando yake.

"Yatabaki, baba Kidoti?"

Alimaliza kamba ya mguu wa pili. Mezani, Kidoti alikuwa amekitazama kile kitambaa, midomo yake imefunguka kidogo.

"Yatabaki," alisema, akachukua chupa, akaenda kazini.