Kususa kwa Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alichoma sindano yake ya sukari kila mchana kabla ya kula, kama alivyoelekezwa kliniki. Hilo hakulikosea. Alichokosea ni kususa. Sindano ikishaingia, sahani isipompendeza, aliisukuma kwa kidole kimoja na kugeukia ukutani.

Mkwewe, mtoto mgongoni, alimbembeleza. Alimweleza tena kwamba dawa haingoji hasira ziishe. Bila chakula, sukari itashuka mpaka aanguke. Aanze na mboga na maharage, wali aumalizie, taratibu, ili sukari isipande ghafla.

"Umekuwa daktari siku hizi?" Bi Mkubwa aliuliza. "Mboga zenyewe kama maji ya kuoshea soksi."

Siku hiyo alisusa mpaka jasho likamtiririka, akawa anamwita mkwewe kwa jina la marehemu dada yake. Mkwewe akakoroga sukari kwenye maji, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Alipozinduka alikuwa na njaa ya kufa mtu. Akafagia wali wote, akaongezwa, mboga asiziguse.

Jioni mwanawe, fundi wa majokofu, alimpima. Kipimo kikasoma juu sana.

"Mkeo kaninywesha sukari," Bi Mkubwa alisema kwa upole. "Mimi, mgonjwa wa sukari. Muulize kama nasema uongo."

Akamuuliza. Mke akasema ni kweli, akaanza kueleza ilivyokuwa, lakini baada ya hiyo kweli mume hakusikia kingine. Akimpa mama kitu kitamu tena, alisema, atarudi kwao, na mtoto atabaki. Kopo la sukari likafungiwa kabatini kwa kufuli. Ufunguo Bi Mkubwa akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

Kesho yake akachoma sindano, akatazama sahani, akaisukuma.

"Mama, kula. Nakuomba."

"Nyama ngumu."

Mkwewe akamkaangia yai. Akasema linanuka. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Mkwewe akampigia mume simu. Mume alikuwa ameingiza kichwa ndani ya jokofu la bucha; akasema mama anadeka tu, na mke asithubutu kumpa sukari. Akakata.

Alipogeuka, Bi Mkubwa alikuwa amekodoa macho yasiyoona, mkono umelikamata lile pindo lenye ufunguo. Mkwewe alijaribu kuvifungua vidole. Vilikuwa vimekaza. Mtoto mgongoni alikuwa akichezea nywele zake. Akamfunga vizuri, akachukua mchi, akavunja kufuli.

Vijiko vya maji ya sukari vilipoteremka vya kutosha, macho ya Bi Mkubwa yalirudi. Yakatazama kopo, kisha mlango wa kabati unaoning'inia.

"Na kabati umevunja," alisema. "Nipe simu."

Mkwewe akampa. Akamsogezea na sahani, mboga zikiwa upande wa karibu naye, kisha akaingia chumbani kukunja nepi za mtoto, zote, na kuzitia kwenye begi.

Simu ikiwa bado inaita kwa mwanawe, Bi Mkubwa alianza kula.