Duara la Chaki

Kwenye karakana ya Himmat, pale Uyole, walikandamiza madigadi ya malori. Kila ilipokuja kalibu mpya, lile umbo la chuma la kukandamizia bati, fundi Zabron alirarua mabati thelathini kabla ya kupata digadi moja zuri. Jenereta ya presi ilifuka moshi mpaka akina mama wa viazi ng'ambo ya barabara wakafunika beseni zao.

Ndipo Himmat akamwajiri Ikupa, binti aliyejua kuigiza kazi ya presi ndani ya kompyuta. Wiki yake ya kwanza alichukua chaki, akachora duara kwenye kona ya bati ambalo lilikuwa bado halijaguswa.

"Litapasukia hapa, fundi. Tukiipa kalibu mviringo zaidi kwenye kona hii, halitapasuka."

"Chuma hakijasoma, mwanangu," alisema Zabron, Mhehe wa Iringa asiyependa kufundishwa kazi yake.

Ikupa alipokwenda kunywa chai, Zabron aliliondoa lile bati, akaweka jingine jembamba, akalichora duara vilevile. Kisha akajifuta chaki vidoleni, akamsubiri kwa upole usio wake.

Presi ilishuka. Bati likapasuka ndani ya duara, na katikati pia.

"Kompyuta imeona tundu moja," alisema Zabron. "Hili la pili ni la nani?"

Mafundi wakacheka. Ikupa aliinama, akapapasa ukingo wa bati, akausikia mwembamba. Akarudi mezani, akabadilisha tarakimu moja, kisha akawageuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na madoa mawili mekundu, moja kwenye kona, jingine katikati.

"Hivi ndivyo linavyopasuka bati la unene wa nukta nane," alisema. "La kwangu lilikuwa la milimita moja nukta mbili. Sijui limekwenda wapi."

Himmat alimtazama Zabron. Zabron alitazama dari.

"Liko nyuma ya mitungi ya gesi," alisema hatimaye. "Nilitaka kujua kama mashine yako hudanganyika."

"Na umeonaje?"

"Leta tupa."

Aliisugua ile kona ya kalibu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyeweza kuifanya laini kiasi hicho. Bati lililofichwa likatoka digadi safi, na jenereta ikazimwa kabla ya saa tano.

Mwezi uliofuata ililetwa kalibu ya boneti. Safari hii Zabron alivuta kigoda hadi kwenye kompyuta, akaweka kidole chenye grisi juu ya kioo.

"Hapa patakunjamana."

"Mbona hapana doa, baba?"

"Patakunjamana."

Walikandamiza bati moja tu. Likakunjamana palepale.

"Haya," alisema Zabron, akinawa mikono taratibu ili kila mtu amwone. "Ifundishe na hilo."

Ikupa alikuwa ameshaanza kuandika.