Kinachotembea Mkononi

"Mshike vizuri," mama mkwe alimwambia Tobiko, mume wangu, naye akaukandamiza mkono wangu wa kulia juu ya ngozi ya ng'ombe. Kijinga cha mzeituni pori kilikuwa kimeiva nchani. Mama mkwe alikigeuzageuza motoni bila haraka, kama mtu anayechoma muhindi, huku akitafuta kwa macho mahali pa kuniwekea. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikubali mwenyewe, kwa kuwa mkono ulikuwa ukiniwaka ndani usiku na mchana, na kwetu Nainokanoka maumivu sugu huchomwa kwa moto. Nina makovu ya namna hiyo tumboni tangu utotoni, na nilipona, au niliambiwa nimepona.

Yote yalianza na bati. Mwaka uliotangulia, upepo wa kiangazi uliling'oa lilipokuwa limeziba mlango wa zizi la ndama, nami nikalidaka kabla halijawafikia. Likanipasua chini ya kiwiko. Kwenye zahanati walinishona ngozi, na ngozi ikapona vizuri kabisa, lakini kidole gumba na viwili vinavyokifuata vikabaki vimelala. Nilikuwa naviona tu. Nikishika sufuria ya moto, harufu ndiyo iliyonijulisha.

Kwetu mwanamke hupewa ng'ombe wake wa kukamua, na maziwa yao ndiyo nyumba yake. Wangu sasa walikamuliwa na Naishorua, mke mwenzangu. Hakuwa na roho mbaya. Ila watoto wangu walizoea kwenda kusimama mlangoni kwake na vikombe, na mimi nilikuwa nikigeuza uso nisiwaone. Kisha Tobiko akasema masika yakifika mkono haujaamka, ng'ombe wangu watahamia kwa Naishorua moja kwa moja. Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenigombeza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Tukateremka Karatu, kwa daktari mmoja aliyeitwa Fabian, ambaye watu walisema anaunganisha hata visivyounganishika. Aliugeuza mkono wangu, akanichoma sindano kwenye vidole nikiwa namtazama kama anayemchoma mtu mwingine.

"Mshipa wa fahamu ulikatika," akasema. "Ncha zake zimeachana, siwezi kuzivuta zikakutana. Nitaweka kimrija kati yake. Kimetengenezwa maabara kwa kano za ng'ombe. Mshipa utaota ukipitia humo ndani, halafu kimrija kitayeyuka chenyewe."

"Ng'ombe wa nani?" Tobiko aliuliza.

Daktari alicheka. Tobiko hakucheka. Ng'ombe asiye na mwenyewe ni ng'ombe wa wizi, na huyu alikuwa anaingizwa mkononi mwa mkewe.

Baada ya upasuaji daktari alinifundisha kugonga kwa kidole kuanzia kwenye kovu kushuka chini. Pale nitakapohisi kama nimepigwa na umeme, ndipo mshipa ulipofika. "Utasogea polepole, mama, kama ukucha unavyoota. Na utauma. Ukiuma usiogope."

Rahisi kusema. Miezi ilipita kimya, kisha maumivu yakaja, kwanza kama siafu, baadaye kama moto wenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilikuwa nikiuma shuka ili watoto wasinisikie. Mama mkwe, ambaye macho yake hayapitwi na ndama anayechechemea ng'ambo ya bonde, ndiye aliyegundua kwamba mahali ninaposhika nikilia panabadilika. Kwanza palikuwa kwenye kovu, baadaye katikati ya mkono, na sasa panakaribia kifundo.

"Kinatembea," aliwatangazia watu wa boma. "Wamemwingizia ng'ombe asiyejulikana alama yake, na uchafu wake unaelekea vidoleni."

Moto wa nyikani hauzimwi kwa kukimbizwa nyuma. Unauchomea nyasi mbele yake, ukifika unakosa cha kula. Hivyo ndivyo alivyotaka kunifanyia. Angenichoma kwenye kitako cha kiganja, mbele ya kile kinachotembea, kife hapo hapo.

Kijinga kiliposogea nilihisi joto lake usoni. Kiganjani sikuhisi chochote. Nikaogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa, maana wangeweza kuniunguza hadi mfupa nami nisijue. Kwa mkono wa kushoto nikagonga juu ya kifundo. Umeme ukanirusha. Wiki iliyopita haukuwa pale. Nikatambua kwamba kile alichotaka kukizuia ndicho nilichokuwa nikikingoja.

"Yeyo, mama yangu, acha," nikasema. "Kiache kifike."

"Kifike wapi?"

"Vidoleni."

Nikauvuta mkono kwa nguvu. Kwetu mke hamnyang'anyi mama mkwe kitu, hata kama kitu chenyewe ni mkono wake. Alikitupa kijinga majivuni, akaondoka, na tangu siku ile hakukanyaga nyumbani kwangu.

Kisha maumivu yakakoma. Ungedhani nilifurahi. Nikigonga hapa, kimya. Nikigonga pale, kimya. Ule moto niliokuwa nikiulaani ulikuwa umeondoka na matumaini yangu, na vidole vilikuwa vimelala vilevile. Masika yakafika. Tobiko akawahamisha ng'ombe asubuhi moja ya ukungu, bila kunitazama, na nikajua nimemvunjia heshima mama yule bure, kwa kuuamini mrija. Niliuchukia mkono ule. Nilimwomba Mungu nipate ujasiri wa kuukata, nikaukosa.

Majani yalikuwa yameshafika magotini siku mama mkwe aliposimama mlangoni kwangu. Hakunisalimu.

"Fumba macho."

Nikafumba. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaukunjua. Nilisikia mvua kwenye paa. Nilisikia pumzi yake. Nilitaka kumwambia asijisumbue, ndipo nikahisi kitu, kidogo mno, mbali, kama kiko kwenye mkono wa mtu aliyekaa karibu yangu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Mdudu."

"Mdudu gani?"

"Kupe. Anatembea. Anaelekea kidole gumba."

Nilipofumbua macho nilimkuta amemwinamia yule kupe, midomo imemkauka. Akamchukua, akamponda kwa ukucha, akatoka nje mvuani. Nikabaki nimekaa na kiganja wazi, nikilia kwa sauti kama mtoto. Aliporudi alikuwa na kibuyu kitupu cha kukamulia, akaninyooshea.

Nikakipokea kwa mkono wa kushoto. Hakukiachia.

"Ule mwingine," akasema.