Hema la Nne

Siku ya kupokea wanafunzi wapya, mahema manne yalisimamishwa uwanjani mwa chuo kikuu, nje kidogo ya Malindi, na kazi ya Mbeyu ilikuwa kumwelekeza kila ajaye kwenye hema lake. La kwanza lilikuwa la waliopangiwa nafasi na serikali. La pili lilikuwa la wanaojilipia, na la tatu la waliokwisha kupata stashahada kwingine na sasa wanataka shahada. Hayo matatu yalikuwa mbele, karibu na lango, yamepambwa kwa mabango. La nne lilikuwa nyuma peke yake, baina ya jiko na tangi la maji. Hilo ndilo lililokuwa la njia maalumu: watu wazima walioacha shule zamani, walemavu, na watoto wa shule za bara, kule ambako mwalimu wa hesabu huadimika kama mvua. Hao hawakupokewa hivi hivi. Walihojiwa kwanza na jopo.

Wanafunzi waliliita hema la sadaka, na aliyelitunga jina hilo alikuwa Mbeyu mwenyewe.

Alilitunga mwaka wake wa kwanza. Faiz, kijana wa mjini mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akimuuliza kila mtu mezani aliingia na alama gani. Ilipofika zamu yake, Mbeyu akaona hema likikunjwa huko nyuma, akalisonta kidole na kusema, "Mimi sijui, lakini wale pale wameingia kwa sadaka." Meza nzima ikaangua kicheko, na swali likapita. Hakuna aliyejua kwamba siku chache kabla ya hapo yeye mwenyewe aliketi chini ya hema lile, mikono imemlowa jasho, kwa sababu alama zake za kidato cha nne zilikuwa pungufu kidogo, na chuo kilikuwa na nafasi kilizozitenga kwa shule za kwao Jilore na sehemu kama hizo. Alipewa nafasi moja. Tangu hapo alisoma kwa bidii kuliko wengi, akawapita baadhi ya waliotoka hema la kwanza. Lakini jina lilishashika, kila mwaka likarudi, na kila mwaka alicheka pamoja na wenzake.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinama akifunga kamba ya bango lililong'olewa na upepo aliposikia Faiz akimwamkia mtu nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umemleta mtoto? Yuko wapi? Mshike mkono, humu watu wengi, atapotea."

"Mtoto ndiye mimi. Nimejileta mwenyewe."

Faiz akacheka. "Haya, karibu, mtoto. Kalamu unayo?"

"Ninayo. Na ya kukuazima wewe pia ninayo."

Mbeyu aliijua sauti ile kabla hajageuka. Mama yake alisimama pale amevaa kitenge chake cha kanisani, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani, vumbi jekundu la barabara ya Jilore limemtanda miguuni. Hakuwa amesema kwamba atakuja. Juzi kwenye simu alisema tu kwamba ana shughuli mjini na huenda wakaonana, kisha akacheka peke yake, kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

Walipokutana macho, uso wa mama ukachanua. Alifungua mdomo amwite.

Mbeyu akawahi. "Karibu, mama," akasema, kwa sauti ile ile aliyowakaribisha nayo wageni tangu alfajiri. "Ni njia maalumu? Hema la nne, pita kule nyuma ya tangi."

Nyumbani kwao mama haitwi mama. Huitwa mayo. Mbeyu hakuwahi kumwita vingine tangu alipojua kusema. "Mama" ni neno la kumpa mwanamke yeyote barabarani, muuza samaki, mteja, mama wa watu. Lilipomtoka, alitamani kulirudisha, lakini Faiz alikuwa ubavuni pake, na Sumeiya, mwenzao wa Mambrui, upande wa pili, na wote walikuwa wakitazama.

Mama alimtazama kidogo tu. Uso uliochanua ukajikunja taratibu, bila ghadhabu, kama mtu anayekunja nguo aliyogundua si yake.

"Ahsante, binti," akasema, akashika njia ya nyuma.

Faiz akamfuata kwa macho. "Ebo! Mmeiona pua ile? Wallahi, Mbeyu, yule mama amekuibia pua."

"Kwako wewe Wagiriama wote wana pua moja."

"Si wote. Hiyo ya kwenu ni ya pekee."

"Faiz, hebu shika adabu," Sumeiya akamkemea. "Mama wa watu yule. Katoka huko alikotoka, na jua lote hili."

"Nami nimesema nini? Nimemsifu pua. Sadaka yake atapewa, inshallah."

Mbeyu alicheka. Alijisikia akicheka. Wazee husema uso umeumbwa na haya, lakini wake ulikuwa mkavu kama ubao.

Haukupita muda mrefu, Bi Gladys, ofisa wa usajili, akaja akimtafuta. Aliyepangiwa kusaidia hema la nne hakufika, na watu wa kule walihitaji maji na mtu wa kuwaita kwa zamu. "Wewe unakujua kule," alisema polepole, na Mbeyu akakumbuka kwamba Bi Gladys alikuwa kwenye jopo mwaka ule wa kwanza. Hajawahi kumwambia mtu. Hajawahi hata kumkonyeza.

Mbeyu akabeba katoni ya maji, akaenda. Angekataa kwa sababu gani?

Chini ya hema walikuwa wameketi watu kama kumi na watano. Mama yake alikuwa kiti cha mwisho, karibu na mzee mmoja mchangamfu wa Magarini aitwaye Kiponda, aliyestaafu uaskari na sasa akitaka kusomea sheria, ili, kama alivyowaeleza wote bila kuulizwa, aache kulala nje ya mahakama akilinda mlango, aingie ndani abishane.

"Na wewe, mwenzangu," Kiponda akamwambia mama, "tumekaa hapa asubuhi yote nami sijui nikuite me-nani."

Swali la kawaida kabisa. Mwanamke wa Kigiriama akishazaa, jina lake la utotoni huwekwa kando. Huitwa kwa mwanawe: Mekalama ni mama yake Kalama, Mekalume ni mama yake Kalume. Sokoni, kanisani, msibani, huko Jilore kote, mama yake Mbeyu alikuwa Membeyu. Hata watoto wa chekechea aliowafundisha walimwita Mwalimu Membeyu. Mbeyu alizoea kulisikia jina lake likiitwa kila pembe ya kijiji bila ya kuitwa yeye.

Alisimama na chupa ya maji mkononi, akingoja kulisikia.

"Niite Dorcas," mama akasema.

"Dorcas tupu?"

"Dorcas."

"Aa, mtu mzima kama wewe! Hukujaliwa hata mmoja?"

Mama alizigeuzageuza ncha za bahasha yake. "Leo niite Dorcas, mzee wangu. Yatosha."

Kiponda akainamisha kichwa kwa heshima, kama ainamavyo mtu akidhani amegusa kaburi. Mbeyu akamkabidhi chupa ya maji. Mama yake naye akamkabidhi chupa yake. Mama aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha mgeni, akashukuru bila kuinua macho.

Aliwaita kwa zamu, mmoja mmoja, mpaka ikafika zamu ya Dorcas Kalume. Jopo lilikaa katika chumba kidogo kando ya hema: Daktari Ridhwan wa kitivo cha elimu, na Bi Gladys. Kazi ya Mbeyu ilikuwa kusimama mlangoni. Mama akapita karibu naye akinukia sabuni ya kufulia na moshi wa kuni, harufu ya nyumbani.

Walimuuliza mengi, naye akajibu vizuri, kwa sauti iliyoanza kwa kutetemeka kisha ikatulia. Amefundisha chekechea miaka mingi kwa cheti tu. Watoto wanamjia hawajui hata kukaa kitini, wakitoka kwake wanasoma. Lakini ipo siku huulizwa kitu na mzazi, kwa nini mtoto huyu hasemi, kwa nini huyu analia akiona kitabu, naye hana jibu. "Nimechoka kubahatisha na watoto wa watu," akasema. Daktari Ridhwan akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sasa, mama, njia hii ina sharti moja," akasema. "Wengine wanakuja na alama, wewe unakuja na kazi yako. Kwa hiyo twataka mtu mmoja anayeijua kazi hiyo, asimame hapa atueleze. Umekuja na nani?"

"Mwalimu mkuu wetu ndiye angekuja. Jana amefiwa."

"Poleni sana. Hakuna mwingine? Hata mtu aliye hapa mjini?"

Mbeyu aliiona shingo ya mama yake kwa nyuma, na mkufu wake mwembamba wa siku za kanisa. Kumbe hakuja kwa kubahatisha. Mkuu wake alipofiwa, mama hakutishika, kwa sababu alikuwa na mtu wake hapa hapa, tena mtu aliyesomea chini ya mikono yake. Neno moja tu lingetosha: amtaje. Naye Mbeyu alikuwa papo hapo mlangoni.

"Hakuna," mama akasema.

Daktari Ridhwan akashusha pumzi. "Basi itabidi tukuweke mwakani. Si kwamba hufai. Ni sharti, na wenzako wamelitimiza."

"Naelewa, Daktari. Ahsanteni." Akaanza kukusanya vyeti vyake.

Bi Gladys hakuwa akimtazama mama. Alikuwa akimtazama Mbeyu.

"Mayo," Mbeyu akasema.

Sauti ilimtoka ndogo, ya mtoto. Mama hakugeuka.

"Mimi namjua," akaendelea, akiuacha mlango wazi nyuma yake. "Alinifundisha. Ni mama yangu. Alinifundisha kusoma kabla sijafika darasa la kwanza, mimi na watoto wote wa upande ule. Asiyekuwa na daftari aliandikia mchangani, na yeye aliinama akasahihisha mchangani, kila mmoja. Mtoto mmoja, Kalama, tulidhani ni bubu. Alimwimbia mwaka mzima. Leo Kalama yuko sekondari, na hanyamazi."

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?" Daktari Ridhwan akauliza.

Hapo alitamani kusema shughuli zilikuwa nyingi. Nje, karibu na mlango, aliwaona Faiz na Sumeiya wamekuja na sahani za wali za jopo, wamesimama, wamesikia.

"Nilimwonea haya," akasema. "Nilimpokea langoni kama mgeni. Niliogopa wenzangu wasije wakajua kwamba nami niliingia kwa hema hili hili."

Daktari Ridhwan alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe Bi Gladys akasema kwamba sharti lataka mtu anayeijua kazi ya mwombaji, na halikusema asiwe mwanawe, wala asiwe mtu aliyekosa. Wakanong'onezana. Kisha Daktari akamnyooshea mama mkono, akamkaribisha chuoni.

Faiz akazitua sahani mezani. Hakuwa na mzaha wowote mdomoni. "Hongera, mama," akasema, halafu akamtazama Mbeyu kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Miaka yote ile ukatuacha tucheke?"

"Nilicheka kuliko nyinyi."

"Basi tumekuwa wapumbavu sote," Sumeiya akasema, akamvuta Faiz watoke.

Chini ya hema, mama aliketi akala wali aliopewa, polepole, hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Mbeyu aliketi kando, hajui mikono aiweke wapi.

"Nilidhani umeshikwa na kazi," mama akasema baadaye, bila kumtazama. "Na lile jua. Mtu akiwa na kazi nyingi pengine haoni."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Hata sasa, alikuwa anampa mlango.

"La, mayo. Nilikuona."

"Najua ulinion—" Mama akakatiza, akameza tonge. "Ni sawa. Wewe una wenzako. Masomo yakianza, tukikutana darasani au wapi, si lazima unisalimie. Mimi nitapita tu."

Hakusema kwa kumsuta. Angemsuta ingekuwa nafuu. Alisema kama mtu anayepanga jinsi ya kuishi na jirani asimsumbue, na Mbeyu akajua kwamba samahani moja haitalifuta jambo hili, wala kumi, na kwamba atalilipa siku kwa siku, kwa kumsalimia kila atakapomwona.

Njia fupi ya kutoka ilikuwa uwazi wa ua pale nyuma ya jiko, pasipopita mtu. Mama alisimama akaielekea. Mbeyu akaichukua bahasha na mkoba, akamshika mkono, akamgeuza, wakashika njia ya katikati ya uwanja, mbele ya hema la tatu na la pili na la kwanza, watu wakiwatazama. Uso wake ulikuwa ukiwaka moto, naye hakuuficha.

"Polepole basi," mama akalalamika nyuma yake. "Viatu hivi ni vya kuazima, vinanibana."

Mbeyu akapunguza mwendo.