Jina Lililotangulia

Kaka yangu Hamed hakujaaliwa subira. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuonja wali haujaiva, na Mungu akampa kazi inayotaka subira kuliko zote: kupanga kitabu cha ukoo wetu kwenye kompyuta.

Ilikuwa mwaka 2004. Hamed alikuwa amerudi kutoka Maskati na kompyuta, na ndani yake programu ya kupangia vitabu aliyofunzwa huko. Akajifungia chumba cha juu cha nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, dirisha linaloelekea bandarini, na Baba akawa anapanda ngazi kila asubuhi kumtajia nasaba: nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi. Baba, Darwesh bin Hamed, alikingoja kitabu hicho maisha yake yote. Nadhani alikipenda kuliko alivyotupenda sisi, na sisemi hivyo kwa kinyongo. Labda kidogo.

Kila nyumba ya ukoo ilikuwa na faili lake: la Malindi, la Kikwajuni, la Pemba, la Maskati, na mengine mengi, yote yakiungana kuwa kitabu kimoja. Jina kamili la mtu Hamed aliliandika mara moja tu. Baadaye akilitaka popote, aliandika herufi tatu za mwanzo, programu ikapekua mafaili yote na kumletea majina yanayoanza hivyo, achague. Siku za mwanzo majina yalikuja papo hapo, na Hamed akatuita tukaone kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Lakini ukoo ulivyozidi kujaa ndivyo mashine ilivyozidi kuwa nzito. Ikafika hadi ukiandika herufi tatu, unaweza kushuka chini, ukamimina kahawa, ukapanda tena, na yenyewe bado inatafuta.

"Inausoma ukoo mzima kabla ya kunijibu," Hamed alisema.

"Wazima na maiti pamoja?" Mama akauliza.

"Wote, Mama. Haiwajui tafauti yao."

Mama yetu, Bi Nada, hakucheka. "Itatuchuria hiyo, itatuletea nuksi," akasema, akashuka zake.

Hamed akabuni njia ya mkato. Aliandika herufi tatu, akabonyeza kitufe cha kukubali hapo hapo, kisha akaendelea na kazi bila kutazama. Mashine ingemfuata nyuma kwa wakati wake na kuliweka jina lililokaa juu kabisa. Na la juu, akanieleza, huwa ni lile lililotumika mwisho.

"Na kama silo unalolitaka?" nikamuuliza.

"Huwa ndilo."

Haraka haraka haina baraka, nikamwambia. Akaniambia nikaangalie chungu changu.

Sasa, kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake. Baba ni Darwesh, babu alikuwa Hamed, baba yake babu alikuwa Darwesh bin Mabrouk, na kaka yangu ni Hamed tena. Ukisimama barazani kwetu ukaita "Darwesh!" wataitika naam watatu, na wengine wangeitika kama si kulala makaburini. Sisi hatukuona tabu. Mashine ndiyo iliyoupekua ukoo kama gunia la dengu, punje zote sawa.

Mwaka huo huo daktari akamkuta Baba na uvimbe kwenye utumbo. Ukitolewa mapema atapona, alituambia, lakini lazima aende Dar es Salaam akapasuliwe. Baba hakutaka kusikia. Tulimbembeleza Rajabu nzima, Mama akalia, mimi nikagomba, hadi akakubali kwa shingo upande: isomwe kwanza khitma ya Shaabani, kesho yake atapanda boti. Nilikwenda kukata tiketi siku ile ile, asije akageuza maneno.

Khitma hiyo tuliwasomea marehemu wetu kila mwaka. Qurani ikimalizika, Ami Mabrouk, mdogo wake Baba wa Kikwajuni, hutaja marehemu mmoja mmoja na watu wakawaombea rehema. Miaka yote aliwataja kwa kichwa. Safari hii Baba alitaka wasomwe kutoka kwenye kitabu.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu alfajiri, ukarudi baada ya adhuhuri. Hamed akakaa kitini jasho likimtoka. Akaanza na dibaji, akaweka jina la Baba kuwa ndiye aliyeamrisha kitabu kitungwe. Halafu akaingia ukurasa wa marehemu, herufi tatu, kitufe, herufi tatu, kitufe, na mashine nyuma yake ikijikokota. Ukurasa ulipochapwa nilinyoosha mkono niupitie.

"Watu washakaa, Tamima!" akasema, akashuka nao mbio.

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Sauti ya Ami Mabrouk ilikuwa nzuri siku ile.

"Marehemu Mabrouk bin Darwesh."

"Allah amrehemu," wanaume wakaitikia.

"Marehemu Darwesh bin Hamed bin Darwesh."

"Allah amrehemu," wakaitikia wote, kwa mazoea, kabla hawajayasikia waliyoyasema.

Mama alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Mahali pa marehemu babu mkubwa, Darwesh bin Mabrouk, alikuwa amesomwa Baba, naye amekaa pale pale, tasbihi mkononi.

Nikasikia sauti yake. "Amin," alisema.

Ami Mabrouk akababaika, akasema karatasi imekosewa, akaomba astaghfirullah, haluwa ikapitishwa. Watu walikula upesi upesi wakaondoka.

Asubuhi Baba hakuvaa nguo za safari. Hamed, macho mekundu, akamshika mkono akampandisha juu amwoneshe kosa lilivyotokea. Nikawafuata na tiketi mkononi.

"Baba, tazama. Naandika hivi, D, A, R. Italeta kina Darwesh wote. Mimi nlichagua bila ya kuangalia, basi. Si lolote jengine."

Tukangoja. Bandarini boti ikapiga honi ya kwanza. Baba alisimama akikikodolea macho kioo kama mtu anayesubiri hukumu, na mashine ikapekua faili baada ya faili. Nilitamani niipige teke.

Majina yakaja. La juu kabisa: Darwesh bin Hamed bin Darwesh.

"Waona?" Baba akasema taratibu.

"Ni kwa sababu nlilitumia mwisho, Baba! Ndivyo ilivyo, wallahi..."

"Haijakosea, mwanangu. Imetangulia tu."

Nikapandwa na hasira, adabu ikanitoka. "Baba, hicho ni kidole cha Hamed! Si kalamu ya Mwenyezi Mungu!"

Akaniangalia kwa huruma. "Nshasomewa, Tamima, na mwenyewe nshaitikia amin. Ntakwendaje tena kukatwa?"

Boti ikapiga honi ya pili, ikang'oa nanga. Niliiona dirishani hadi ikapita mnara wa taa.

Hamed alilifuta jina siku ile ile. Haikusaidia kitu. Baba hakupanda tena ngazi zile. Akaanza kugawa kanzu zake, akamwomba Mama radhi. Tukamletea daktari, tukamletea sheikh aliyemwambia kuwa hayo ni dhana tu. Akamsikiliza kwa heshima, akamkaribisha kahawa. Ramadhani haikufika kati, utumbo ukaziba. Hospitali tulimpeleka hajijui, na daktari akatuuliza kwa nini tulikaa naye nyumbani muda wote huo. Baba hakuamka tena. Nilimchukia Hamed siku ile, nikawachukia na wote walioitikia.

Ilipokaribia arubaini yake, jamaa wa Maskati walikitaka kitabu. Ami Mabrouk akaja kusema, uso chini, kwamba sasa jina halina budi kurudishwa katika ukurasa wa marehemu.

Hamed akakaa mbele ya mashine. Akaandika D, A, R, akaiweka mikono yake mapajani. Mashine ikaanza kutafuta, nyumba kwa nyumba, hadi Pemba, hadi Maskati. Hakugusa kitufe. Alingoja, na mimi nikasimama nyuma yake nikingoja. Jina likaja, la juu kabisa. Akalisoma lote kwa sauti, bin kwa bin, akalisoma tena.

"Siwezi, Tamima," akasema.

Nikanyoosha mkono juu ya bega lake, nikabonyeza mimi.