Ncha ya Mrija

Fundi cherehani alikuwa na mkono usiovumilia uzi unaoning'inia. Ndiyo maana, Jumatatu asubuhi, alipombadilisha binti yake nepi na kuona kijimrija cheupe kimechungulia kwenye njia ya haja kubwa, alichukua mkasi akakikata. Mama mkwe wake, aliyemshika mtoto miguu, alisema ni mnyoo tu, watoto wa siku hizi wanazaliwa na wapangaji tumboni. Kipande kilichobaki kikarudi ndani, wasikione tena.

Mnyoo gani mgumu namna ile? Moyoni alijua. Miezi mitano nyuma mtoto aliwekewa mrija wa kuteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni, na kichwa kikaacha kuvimba.

Jumatano homa ikapanda, shingo ikakakamaa. Hospitalini daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimbonyeza mtoto nyuma ya sikio, mrija unapopita, akachukua damu, akauliza mara mbili kama kuna jambo limetokea nyumbani. Mama mkwe akawahi kujibu kwamba hakuna. Daktari alipotoka, mama mkwe alimnong'oneza fundi afunge kinywa: wakisikia habari za mkasi watasema amemuua mwanawe kwa mkono wake, na mumewe naye ataambiwa nini?

Fundi akamtazama mtoto. Kila akiguswa alitoa kilio chembamba, cha mbali, kama paka aliyefungiwa stoo.

Alimkuta daktari kwenye korido, anaandika.

"Daktari, mrija ulitokea nyuma. Nikaukata."

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Juzi."

Hakumfokea. Alimweleza kwamba ni nadra, lakini hutokea: ncha hutoboa utumbo polepole, mtoto asisikie maumivu. Sasa vijidudu vya choo vimepanda na mrija huohuo hadi kwenye ubongo. Kama angeuacha ulivyo, akaja siku ileile... Daktari akaenda kuwaita watu wa upasuaji.

Mrija wote ulitolewa jioni hiyo. Homa ikashuka siku ya sita. Mtoto akanyonya, akashika kidole, lakini macho yake hayakufuata tena uso wa mtu.

Mama mkwe alilia, akaomba radhi. Fundi alimsogezea nafasi kitandani, akampakatisha mtoto.

"Muongeleshe, mama," alisema. "Kusikia bado anasikia."