Jina la Tatu

Kadija Farid wa Kitale hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimwomba chumvi, kwanza atataka kujua unapika nini. Na tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Programu ya kusajili wagonjwa ilipotoka Uholanzi, kampuni ilitaka mtu wa kuipekua neno kwa neno, izungumze Kiswahili na iwafae Wakenya. Kadija akaipekua kwelikweli. Wazungu wale walitaka jina la mgonjwa na jina la ukoo, basi! Ukoo gani, jamani? Kwao, nyuma ya msikiti, mtu ni jina lake, la baba na la babu. Ukikosa moja watu wanaanza kukutazama vibaya. Akaweka nafasi tatu, akaagiza mafundi mashine isisonge mbele mpaka zote zijazwe. Munene, bosi wake aliyekaa Nairobi, alimsifu mpaka akaona haya.

Programu ikajaribiwa Bungoma, mwaka 2008, kwenye zahanati ndogo upande wa Kibabii. Hata mwezi haukwisha, Kadija akaona kioja kwenye orodha ya waliosajiliwa. Watoto wa mama tofauti, wa vijiji tofauti, babu yao mmoja: Wabwile. Wabwile huku, Wabwile kule. Mzee gani huyo mwenye wajukuu kama siafu? Hawa ni watoto hewa, akajiambia, na dawa zinatokea mlango wa nyuma.

Akafunga safari mwenyewe. Kwenye meza ya usajili alimkuta Fridah, muuguzi mcheshi aliyejulikana na kila mama wa eneo lile. Kadija akakaa pembeni, akajifanya anarekebisha nyaya. Kila mama alipoulizwa jina la tatu alinyamaza, akainamisha kichwa. Fridah akacheka kidogo, akajaza mwenyewe, akamwita anayefuata. Loo! Mchana kweupe!

"Huyu Wabwile ni nani?" Kadija akamkabili.

Fridah akamtazama toka mtandio hadi viatu. "Unaniuliza ama unanishika?"

"Nijibu tu."

"Wabwile ni babangu. Na mambo ya wamama wa hapa haiulizwi hivyo, kama polisi, bana. Ukikuja na adabu nitakuambia."

Babake! Kadija hakuwa na haja ya kusikia zaidi. Alitoka nje akampigia Munene simu, akaeleza aliyoyaona, na aliyoyadhani akayaeleza vilevile kana kwamba ameyaona. Munene akawaarifu wakuu wa zahanati, Fridah akasimamishwa kazi, na Kadija akaombwa akalie ile meza mpaka apatikane mwingine.

Mama wa kwanza kumfikia alikuwa msichana tu, mtoto mgongoni anahema mbiombio kwa homa.

"Jina la mtoto?"

"Ian."

"La baba?"

"Bramwel."

"La babu?"

Yule mama akainamisha kichwa. Kadija akakunja uso. Na huyu naye ni wale wale!

"Babu hana jina?"

"Ako nalo." Machozi yakaanza kumlengalenga yule mama. "Lakini mimi siwezi kulitaja. Si ni baba mkwe wangu? Mimi nimeolewa pale, sasa nitamwita jina aje? Ni mwiko." Akaangaza huku na huku. "Kwani sista Fridah ako wapi? Yeye alikuwa anatukopesha jina la babake, ndio hii mashine itukubali."

Kadija akaitazama ile nafasi ya tatu, nafasi aliyoiagiza yeye mwenyewe kwa kujidai, akaichukia.

"Ingia kwa daktari, mama," akasema. "Mashine itangoja."

Kisha akampigia Munene simu. "Bosi, Fridah hana kosa lolote. Kosa ni langu. Wamama hapa hawataji jina la baba mkwe, na mimi ndiye niliyewalazimisha. Waambie wamrudishe kazini, tafadhali."

Munene akacheka. "Kadija, wacha huruma. Si alikubali mwenyewe ni jina la babake? Polisi walimchukua asubuhi, na wanakungoja wewe uandikishe ushahidi."